Shangazi, kansa ya shingo ni shingo ipi?

Assalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 38, naishi kijijini nje kidogo ya mji wa Koboko, huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Nalima karanga na muhogo, na siku za soko nauza samaki wakavu. Nilisoma mpaka sekondari ya pili, kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha akiba cha wanawake mimi ndiye mwandishi. Karatasi yoyote ikifika kijijini huletwa kwangu niisome.

Mwaka jana tulimzika mama yangu mdogo. Hedhi ilikuwa imemkoma miaka mingi, kisha damu ikaanza tena. Alicheka, akasema ujana umemrudia. Alikaa nayo miezi minane bila kumwambia mtu mwingine. Tulipomfikisha Arua, na baadaye Kampala, daktari akasema ni kansa na imeshatembea mwilini. Kwamba ugonjwa ule ungeweza kuzuiwa tulisikia siku ile kwa mara ya kwanza, tumeketi kwenye benchi la hospitali, naye amelala ndani.

Tangu msiba ule wenzangu hawaachi kuniuliza, nami nimetafuta kweli. Kwenye kituo cha afya nilipewa karatasi nzuri ya rangi, lakini yote Kiingereza. Mwanangu wa sekondari ya tatu akatutafsiria. Alipofika kwenye neno moja akasema ni shingo. Basi kikundi kizima sasa tunasema "kansa ya shingo", na mwenzetu mmoja mwenye rovu, ule uvimbe wa shingoni, hajapata usingizi wiki nzima.

Redioni kuna mtu kila jioni anauza dawa ya chupa, shilingi 30,000, anasema inaosha mji wa mimba na kuzuia kansa zote. Wawili wetu wameinunua kwa mkopo wa kikundi. Kwenye simu ikaja sauti ya mwanamume asiyetaja jina, anasema chanjo ya wasichana ni ya kuwafunga kizazi. Na sasa shuleni wametuma habari kwamba wasichana wa miaka kumi watachanjwa. Binti yangu yumo. Baba yake anasema tungoje kwanza aolewe. Mama mkwe anasema kansa ni ugonjwa wa wazungu, watu wa zamani hawakuwa nao. Juzi tena sokoni mtu akaniambia karanga zinaleta kansa. Karanga, Shangazi! Ndizo zinazolipa ada ya watoto wangu.

Mtu wa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chetu, ni mpole na anajua mambo, lakini ni kaka mkubwa wa mume wangu. Nitaanza vipi kumtajia sehemu hizo?

Naomba unisaidie. Nitajuaje lipi ni kweli, na nikishalijua nitalisema vipi wenzangu walielewe?

Mwandishi wa kikundi, Koboko

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana kwa mama mdogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale anapocheka. Nilipokuwa mkunga niliwaona wengi waliocheka hivyo. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, au baada ya kulala na mume, au majimaji yenye harufu mbaya yasiyoisha, haisubiri siku ya kliniki wala kikundi kikutane. Mwanamke anakwenda kupimwa wiki hiyo hiyo. Hilo waambie leo jioni, kabla ya yote nitakayoyaandika hapa chini.

Sasa tuirudie shingo. Mwanao hakukosea. Neno alilolikuta asili yake ni shingo kweli, ila ni shingo ya mji wa mimba. Kesho chukua kibuyu, uende nacho kikundini. Tumbo la kibuyu ndilo mji wa mimba, mtoto anamokaa. Sehemu nyembamba, pale unapokishika, ndiyo shingo yake. Shingo hiyo inaelekea chini, kwenye njia anayopitia mtoto akizaliwa. Kansa iliyomchukua mama mdogo, kwa jinsi ulivyonieleza, nadhani ilianzia hapo, na ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Waswahili wengi huiita saratani ya mlango wa kizazi, nami napenda "mlango" kuliko "shingo", kwa sababu hakuna atakayejishika koo akisikia mlango. Na yule mwenzetu mwenye rovu mwambie alale. Rovu ni jambo lingine, likimsumbua aende likaangaliwe kwa haki yake.

Ona neno moja tu lilivyowatia watu hofu. Kwa hiyo kila habari ya kansa ikikufikia, swali lako la kwanza liwe: kansa ya wapi? Kansa si ugonjwa mmoja. Ya mlango wa kizazi ina chanzo chake na kinga yake, ya ini ina vyake, ya titi ina vyake. Anayekwambia ana kitu kinachozuia kansa zote, hapo hapo amekuonyesha kwamba hajui anachokisema, au anajua na anataka elfu thelathini zako.

Kansa ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kinapita kwa kujamiiana, na ni cha kawaida mno: walio wengi waliowahi kulala na mtu hukipata wakati fulani, na mwili hukiondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache kinabaki. Kikibaki, kinaharibu ngozi ya mlango ule polepole, miaka 15 hadi 20, mpaka iwe kansa. Kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili imedhoofika, kwa mfano mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Nakuomba uyaseme haya taratibu, maana wapo watakaodhani mgonjwa alikuwa malaya. Mke aliyemjua mumewe peke yake maisha yake yote anaweza kuupata. Aibu hiyo imewafungia wengi nyumbani, na huenda mama mdogo alikuwa mmoja wao.

Miaka hiyo 15 ndiyo nafasi yetu. Mkunga hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, anatazama kwa taa. Ngozi iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Hakuna kukatwa wala sindano, na muda wote kitandani hauzidi dakika chache. Pakionekana weupe unaofaa kutibiwa, mahali penye vifaa hupagandisha kwa gesi ya baridi kali au hupachoma kwa joto siku hiyo hiyo, nawe unarudi nyumbani kwa miguu yako. Huduma hii Uganda imelenga zaidi wanawake wa miaka 25 hadi 49. Wenye virusi vya UKIMWI hatari yao ni kama mara sita ya wengine, kwa hiyo hukaguliwa mara nyingi zaidi. Wakienda kuchukua dawa zao waulize papo hapo. Siku hizi pia kuna kipimo cha kirusi chenyewe, mwanamke anajichukulia majimaji kwa kijiti mwenyewe, faraghani. Hakijafika kila mahali, lakini uliza.

Kuhusu majibu nakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wamepotea sana. Mama mmoja alitoka chumbani kwangu ameambiwa kwa Kiingereza kwamba ni "pozitivu". Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, akaenda sokoni kununua nyama. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuwa pozitivu ni kuwa na mtazamo mzuri. Nilimkimbilia njiani. Tangu siku ile sikumpa mtu neno hilo likiwa peke yake. Kwenye kipimo cha siki, neno hilo maana yake ni kwamba umeonekana weupe wa kushughulikiwa. Kansa yenyewe bado haijasemwa, na wala huyu si mzima wa kwenda nyumbani akasahau. Ukipewa majibu, yarudie kwa mkunga kwa lugha yako: "Kwa hiyo unasema umeona kitu, unakitibu leo, nirudi lini?" Kama umekosea atakusahihisha. Kisha mpe daftari lako la matibabu aandike alichoona, alichofanya na tarehe ya kurudi. Mashine ikiwa mbovu au gesi imekwisha, na hilo hutokea, aandike pia anakutuma wapi.

Kabla hamjalipa bodaboda, ulizeni kwanza. Vituo vya afya vya daraja la IV, vile vikubwa, na hospitali ndivyo vyenye nafasi kubwa ya kuwa na huduma hii, na vingine vya daraja la III wanayo. Mpigieni mkunga au mtumeni mtu aulize mambo matatu: ni siku gani, aliyefunzwa yupo, na siki na vifaa vipo? Mwanamke akitembea kilomita kumi akaambiwa arudi wiki ijayo, wiki ijayo harudi. Nimeliona hilo kuliko nilivyoona jambo jingine lolote katika kazi yangu, na bado linanikera.

Kwa binti yako siyumbi. Achanjwe. Baba yake anasema wangoje aolewe, na mawazo hayo nayaelewa: chanjo ya ugonjwa wa wakubwa, mtoto ya nini? Mwambie hivi. Chanjo hii inamzuia mwizi asiingie, haimfukuzi aliyekwisha kuingia. Ndiyo maana inatolewa mapema, kabla msichana hajamjua mwanamume. Ukingoja harusi umefunga mlango usiku umekwisha. Uganda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2015, bure, kwa wasichana wa miaka kumi au wa darasa la nne. Kabla ya hapo ilijaribiwa Ibanda na Nakasongola kuanzia 2008. Wasichana wale leo ni wanawake wazima, hawajafichwa popote. Aina mbili za kirusi ambazo chanjo hii inazikabili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya kansa hizi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kwa msichana wa miaka 9 hadi 14 hata dozi moja inaweza kutosha, kwa hiyo muulize mwalimu au nesi binti atapewa ngapi, usije ukashtuka ukisikia waliochanjwa zamani walipewa mbili. Na akikua atakaguliwa vilevile, kwani chanjo haizuii aina zote.

Kufunga kizazi? Haifungi. Hakuna kitu ndani yake cha kufanya kazi hiyo. Lakini usiwagombeze wanaoogopa, mwanangu. Hofu ya kizazi kwetu ni hofu ya kweli, mwanamke asiyezaa anajua anavyotazamwa. Waulize kwa upole: huyu mwenye sauti ni nani? Anaishi wapi? Maneno yake yakiwa uongo, tutamkuta wapi tumuulize? Nesi wa kituo tunamjua kwa jina, tunamjua mama yake, na akikosea tutampata Jumatatu asubuhi. Hata yule wa redio mpimeni hivyo. Vipindi vya dawa mara nyingi hulipiwa na muuzaji mwenyewe, na mtangazaji hatawakumbusha hilo. Kituo hicho hicho cha redio huenda kina siku ambayo daktari au nesi anajibu simu za wasikilizaji. Siku hiyo pigeni nyinyi, swali liwe fupi. Ile chupa haiwezi kuosha kirusi, na mlango wa kizazi hauugui kwa kuwa mchafu. Walionunua wasiiongeze, na kamwe wasijiwekee dawa za mitishamba ndani, zinachubua. Bodaboda ya kwenda kukaguliwa ingetoka kwenye pesa zile na chenji ikabaki.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, tena kwa hadithi ya nyumbani kwenu. Mwaka 1958 daktari mmoja wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Hakuishia Kampala. Alituma picha kwa hospitali za mbali akiuliza nani ameuona, na mwaka 1961 alizunguka na gari nchi kwa nchi pamoja na wenzake wawili. Mmoja wao alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva, hapo karibu na Arua. Kumbukumbu za wagonjwa wa West Nile zilisaidia dunia kuuelewa ugonjwa ule. Mwaka 1964, kutoka uvimbe wa aina hiyo, wataalamu wa London waliona kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Kwa hiyo kansa ilikuwapo kwetu, watoto wetu waliugua, na elimu ya dunia kuihusu imepita kwenye vitanda vyetu. Wazee hawakuwa na jina lake tu.

Karanga! Hapa aliyekuambia ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inasumbua kuliko uongo. Karanga yenyewe haina neno. Sumu inatoka kwenye ukungu unaoota karanga au mahindi yasipokauka vizuri. Wataalamu wanaiita aflatoksini, wengine sumukuvu, na ukiila miaka mingi inaharibu ini na inaweza kuleta kansa ya ini. Kuikaanga hakuiondoi yote. Basi ukishang'oa, usianike juu ya udongo mtupu, tandaza turubai. Mvua ikija, funika. Usihifadhi mpaka zilie zikitikiswa ndani ya ganda, ziweke juu ya mbao zisigusane na sakafu. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, zitupe. Najua inauma kutupa. Najua pia zile mbovu ndizo husagwa kwa sababu zikishasagwa hazionekani, na wengine huwapa kuku. Msifanye hivyo, na ukiwa unauza, mnunuzi wako naye ana ini.

Na kwa kuwa uko West Nile, hili la ini lina ndugu yake: homa ya ini aina ya B. Kaskazini mwa Uganda imekuwa nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi, na mtu mwenye kirusi hicho akila sumu ya ukungu hatari ya kansa inaongezeka maradufu na zaidi. Watoto wachanga wanachanjwa ndani ya ile chanjo ya pamoja tangu 2002. Nyinyi mliozaliwa kabla, na waume zenu, mpimwe. Asiye nayo achanjwe dozi tatu, azimalize. Aliye nayo afuatiliwe hospitali, na hilo si hukumu ya kifo, wengi wanaishi nayo. Wanaume mkiwapata kwa hili, waambieni na sigara na waragi, vyote viwili vinaongeza kansa zaidi ya moja. Waliolima tumbaku miaka yote hawatafurahi. Waambieni tu.

Umebaki na shemeji. Usimtajie sehemu yoyote ya mwili, huhitaji. Mwambie sentensi moja: "Shemeji, wanawake wa kikundi tunaomba utuletee mkunga siku tutakayokutana." Kazi yake VHT ni kuunganisha kijiji na kituo, na naamini ataona nafuu kuombwa hivyo, kwa sababu yeye pia haya inamsumbua. Siku hiyo aketi nje na wanaume awaeleze homa ya ini. Ndani abaki mkunga na wanawake, na msimkubalie ahutubie saa nzima. Aseme jambo moja, kisha mwenzenu mmoja alirudie kwa Kikakwa, lugha yenu ya nyumbani, kana kwamba anamweleza dada yake, na mkunga amsikilize kupitia kwako. Pale atakapokosea ndipo penye kazi. Achaguliwe kurudia yule asiyejua kusoma, si wewe. Wewe umezoea karatasi, utayasema kama karatasi. Yeye atatafuta maneno ya jikoni na ya shambani, na maneno hayo ndiyo kikundi kitayabeba nyumbani. Yaandike kwenye daftari la kikundi alivyoyasema, ili mwanao asipate tena kazi ya kutafuta shingo.

Jambo la mwisho. Umeniuliza kwa ajili ya kikundi, mama mkwe, binti na mwenye rovu. Una miaka 38, umezaa mara nne, mama yako mdogo amekufa hivi, na hukuandika popote kwamba wewe mwenyewe umewahi kukaguliwa. Nenda kabla ya siku ya mkutano, na mchukue yule dada mmoja mwenye woga kuliko wote mwende pamoja. Kisha niandikie mlipangiwa siku gani, na kama siki ilikuwapo au haikuwapo. Isipokuwapo nataka kujua pia.

Shangazi